Jiwe Jeupe la Kwenda Inishbarna

Maji yalianza kuwafikia kutoka upande usiotakiwa. Attracta Gavigan ndiye aliyeyaona kwanza: ulimi mwembamba, kina chake hakizidi kisahani, ukitambaa mchangani kutoka mkono wa kulia, ukapita mbele ya mabuti yake ya mpira na kuendelea na safari yake bila haraka. Alisimama hapo hapo. Kwa mtu aliyezaliwa kijijini Trawgarra, maji ya kujaa hutokea kushoto, kwenye bahari kuu. Ukiyaona kulia ujue yameshazunguka nyuma ya fungu la mchanga, na wewe umebaki katikati.

"Fintan," aliita. "Hebu simama."

Mdogo wake alikuwa hatua chache mbele, begi zito mgongoni. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye mabega ya mtu aliyechimba mahandaki Uingereza ujana wake wote, na hakupenda kusimamishwa.

"Tumeshakaribia, dada. Ukisimama kila baada ya hatua mbili tutafika Krismasi."

"Tazama miguuni kwanza, halafu uniambie habari za Krismasi."

Fintan alitazama. Kisha akageuka atazame walikotoka, na hapo wote wawili wakaona kwamba huko nyuma hakukuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umeingia kutoka baharini kimyakimya ukameza vilima, kanisa, na gari la Attracta waliloliegesha juu ya mchanga kama afanyavyo kila mtu wa pale. Mbele nako kisiwa hakikuonekana tena. Palibaki mchanga mweupe uliolowa, wao wawili, na ule ulimi wa maji ambao sasa ulikuwa umefika vifundoni.

Na kusema kweli safari hiyo ilikuwa imepangwa kupita kiasi. Tangu Pasaka Attracta alikuwa akimpigia simu Fintan kule Coventry, Uingereza: njoo mwezi wa nane, wakati wa bamvua, maji yakipwa sana mchanga wote unakauka mpaka kisiwa cha Inishbarna na mtu anakwenda makaburini kwa miguu. Fintan akisema ndiyo, kisha akinyamaza, kisha akiuliza kama mvua itanyesha. Alipofika hatimaye, walikaa mezani jikoni jioni nzima, mkate wa magadi na siagi kati yao, redio ikisoma hali ya hewa, wakibishana kuhusu nini kibebwe. Attracta alifunga kwenye mkoba wake wa mgongoni mikate ya nyama ya nguruwe, chupa ya chai, soksi za akiba, bandeji, na maji ya baraka kwenye kichupa chenye umbo la Bikira Maria. Simu aliamua kuiacha garini, kwa sababu kule mchangani haijawahi kushika mtandao hata siku moja.

Fintan alileta kitu kimoja tu, jiwe. Kwa watu wa Trawgarra, mama akizikwa kila mtoto huenda mwenyewe kwenye kijito cha nyumbani kwao, akachagua jiwe jeupe, akalibeba kwa mikono yake mpaka kaburini. Huwezi kumtuma mtu akubebee. Watoto wote wa mama yao, Nora Gavigan, walibeba yao siku ya maziko, isipokuwa Fintan. Miaka ile alikuwa akinywa, mikono ikimtetemeka mpaka kikombe kinamwagika, na mara ya mwisho alipozungumza na mama yake kwa simu waligombana juu ya pombe hiyo hiyo. Aliona haya kusimama mbele ya majirani. Akasema ana kazi, mama akazikwa, miaka tisa ikapita. Pombe aliiacha zamani, ila lile alilokuwa akijiuliza, kama mama alikufa akiwa na hasira naye, halikumwacha.

Basi alikwenda kijitoni asubuhi akarudi na jiwe la ukubwa wa kichwa cha ndama.

"Hilo ni la kujengea daraja," Attracta alimwambia. "Sisi wengine tulibeba ya kuenea mkononi."

"Ninyi hamkuchelewa."

Jumapili Fintan alikuwa na ndege ya kurudi, na hii ndiyo siku pekee maji yangepwa vya kutosha. Tena kule kaburini kulikuwa na jambo alilotaka mdogo wake alione kwa macho yake. Ndiyo maana walipofika ufukweni na Fintan akaidharau njia iliyowekewa nguzo, ile ndefu inayozunguka mkondo, mfereji wa mchangani unaotangulia kujaa, akasema yeye anapita njia fupi ya mkokoteni wa babu, Attracta alimfuata. Alitaka Fintan ajisikie yuko kwao. Upepo ulikuwa ukileta kilio cha kondoo kutoka kisiwani.

"Wana nini hao?" Fintan aliuliza.

"Jirani yangu Malachy amewachukulia wanakondoo wao jana, kawavusha kwa trekta. Mama zao watalia hivyo siku mbili tatu."

Sasa, maji yakiwa vifundoni, Attracta alimshika mdogo wake mkono.

"Ulikuwa unafuata alama gani?"

"Ile ile. Kilele cha kanisa juu ya nyumba nyeupe ya akina Lavelle. Unavipanga mstari mmoja nyuma yako, unatembea."

"Fintan, nyumba ya akina Lavelle ilibomolewa. Ile nyeupe uliyoiona ni ya wageni wa majira ya joto. Iko huko mbali, karibu na daraja."

Kwa hiyo kila hatua waliyopiga ilikuwa imewapeleka pembeni, nje ya njia, mpaka kwenye fungu la mchanga lililo mdomoni mwa mkondo. Fintan alivua kofia akajifuta uso nayo.

"Nimekuua, dada."

"Bado. Vua mabuti."

"Nini?"

"Yakijaa maji yatakuvuta chini. Vua, na soksi."

Walivua wakashikana mabega, wazee wawili wakirukaruka kwa mguu mmoja mmoja, na katika hali nyingine wangecheka. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Walianza kurudi kule walikodhani ndiko ufukweni, lakini baada ya mwendo mfupi mchanga ukashuka ghafla na Fintan akazama mpaka kiunoni. Alipojivuta nje alikuwa akichechemea. Chuma cha mashua kuukuu iliyozikwa mchangani kilikuwa kimempasua unyayo, damu ikatoka na kusambaa majini.

"Kaa chini."

"Nikae wapi, kwenye kochi?"

"Basi simama kwa mguu mmoja, na uache maneno."

Alimfunga bandeji, juu yake akamfunga skafu yake ya sufu na kuikaza kwa meno. Maji yalikuwa magotini. Alisali Salamu Maria moja kwa sauti, kisha akakatiza katikati.

"Nyamaza," alimwambia Fintan, ambaye hakuwa amesema neno. "Sikiliza."

Mwanzoni ilikuwa mawimbi tu. Kisha, kutoka ndani ya ukungu, ikaja sauti nyembamba iliyokwaruza, ikajibiwa na nyingine, na nyingine tena. Kondoo wa Malachy walikuwa bado wanalia.

"Kisiwa," Fintan alisema.

"Kisiwa. Na si mbali. Ufukweni hatufiki tena."

"Kati yetu na wao kuna mkondo."

"Najua kuna mkondo. Nimezaliwa hapa."

Walielekea kwenye kilio. Kila kiliponyamaza nao walisimama, maji yakipanda mapajani, wakingoja mnyama mmoja aanze tena. Attracta, ambaye jana usiku aliwatukana kondoo hao kwa kumnyima usingizi, sasa aliwaomba kwa moyo wote wasikome. Hatimaye mchanga ukaanza kuinama chini ya nyayo zao, na maji yakabadilika. Hayakuwa tena yanapanda tu. Yalikuwa yanakimbia.

"Huu hapa," alisema. "Kina hakizidi kifua, kama haujachimbika zaidi. Tupa hilo jiwe, Fintan."

Fintan alilishusha begi kutoka mgongoni. Attracta alidhani analiacha. Badala yake alilitoa jiwe, akalikumbatia chini tumboni kwa mikono yote miwili, akaingia mkondoni akiuelekezea uso.

"Umepata wazimu? Litupe, utakufa nalo!"

"Shika mkanda wangu kwa nyuma. Kaa nyuma yangu, usiachie. Mtu asiye na mzigo haya maji yanambeba. Handakini tulipofurikwa na maji walitoka hai waliobeba kitu kizito."

Alishika mkanda. Walivuka kiupandeupande, kama kaa. Maji yaligonga kifua cha Fintan yakagawanyika, na Attracta akapata nafasi ya kuvuta pumzi mgongoni mwake. Katikati ya mkondo miguu yake iliacha mchanga. Alihisi mwili wote ukinyooka kufuata maji, vidole tu vikiwa vimebaki mkandani, na akajua kwa uhakika kabisa kwamba sasa wanakwenda na maji. Hawakwenda. Fintan alizama mpaka kidevuni, akayumba, akasimama. Uzito ule ulimshindilia mchangani. Alisogeza mguu uliopasuka, akalia kwa maumivu, akasogeza mwingine.

"Bado upo?" alipiga kelele.

"Nipo!"

"Niimbie chochote basi, nijue."

Attracta hakuwa na pumzi ya wimbo. Alimwita jina lake, mara moja kwa kila hatua, mpaka alipohisi mchanga chini ya vidole vya miguu, kisha mwani, kisha mwamba. Walitambaa juu wakaanguka kifudifudi kwenye majani mafupi. Kondoo mmoja aliwakazia macho kwa karibu, akaona hawa si watoto wake, akaendelea kulia.

Chai ilikuwa bado ya moto. Attracta aliimimina kwenye kifuniko, nusu ikamwagika, na walikunywa kwa zamu wakiwa wameegemea ukuta wa makaburi, palipokingwa na upepo. Mikate ilikuwa imegeuka uji wa chumvi. Waliila. Alimvalisha Fintan soksi za akiba mikononi, maana vidole vyake vilikuwa vimekuwa vya bluu na havikutaka kuliachia jiwe.

"Ungeniacha," Fintan alisema. "Uliposikia nimefuata ile nyumba. Ningekuwa wewe ningenipiga kofi."

"Kofi lipo. Acha nipate joto kwanza."

Ukungu ulipoanza kukatika na jua la jioni kupenya, Attracta alimwinua Fintan, akamshika kiuno, wakaenda pamoja mpaka kaburi la mama yao. Mbele ya jina la Nora mawe meupe yalikuwa yamepangwa mstari kwa kufuata kuzaliwa, yametulia, nyasi zimeota kati yao. La Attracta lilikuwa la kwanza. Baada yake palikuwa wazi. Ndipo likafuata la Dympna, mdogo wao, na ya wengine mpaka la mtoto wa mwisho.

Fintan alitazama pale palipokuwa wazi.

"Hapa palitoka jiwe la nani?"

"Halikutoka. Halijawahi kuwekwa."

"Nani aliacha hivi? Wewe?"

"Mama. Alituagiza akiwa kitandani, wiki ile ya mwisho. Dympna alisema usipokuja atasogeza lake ili mstari usiwe na pengo. Mama akamwambia, ukikaa mahali pa Fintan nitainuka nikusogeze mwenyewe."

"Alisema hivyo?"

"Alisema, Fintan anakuja. Amechelewa tu, alisema."

Fintan alipiga magoti, soksi zikiwa bado mikononi, akaliteremsha jiwe. Halikuenea. Nafasi iliachwa kwa jiwe la kawaida, na la kwake lilikuwa la kujengea daraja. Alilijaribu hivi, akalijaribu vile, kisha akalirudisha mapajani akalia waziwazi, mabega yote yakitikisika, kwa kilio alichokuwa nacho tangu Coventry. Attracta alimwekea mkono kichwani. Naye alikuwa akilia.

"Sogeza langu," alimwambia. "Na la Dympna sogeza. Nitamweleza mimi."

Fintan alikuwa bado anachimba kwa vidole mahali pa kulisogezea jiwe la dada yake iliposikika injini. Boti ya uokoaji ilikuja kwa kasi juu ya maji yaliyokuwa mchanga asubuhi ile, ikiwa na vijana wawili wenye kofia ngumu, na Malachy mwenyewe amesimama mbele, amejifunga jaketi la kuokolea lisilomtosha. Attracta alikwenda kwenye ukuta akawapungia.

"Attracta!" Malachy aliita. "Nimeliona gari lako likiogelea, nikasema kwisha habari yenu. Mzima?"

"Wazima wote wawili. Ana jeraha la mguu, anahitaji kushonwa."

"Gari halifai tena, mama. Limeondoka na maji."

"Liende."

Kijana mmoja alikuwa ameshashika mwamba, mkono umenyooshwa. "Haya, twendeni haraka. Mnahitaji joto. Huyo mwenzako yuko wapi?"

Attracta aligeuka. Fintan alikuwa amelala ubavu kwenye nyasi ili aone vizuri, akilisukuma jiwe lake taratibu kati ya mawe mawili, na midomo yake ilikuwa ikienda.

"Subirini kidogo," aliwaambia. "Anaongea na mama."

Malachy alitazama juu ya ukuta, akavua kofia, na akamwambia kijana azime injini.