Boriti ya Manowari

Adhuhuri ile ya mwaka 1967 haikuwa na jambo. Katika nyumba moja ya Matrah, Omani, Mahfoudha alikuwa akichambua mchele, na shangazi yake, Bi Kheiria, akitwanga iliki. Juu yao ilipita boriti nyeusi iliyopinda.

"Shangazi, boriti hii mbona haikunyooka?"

"Ya manowari hiyo. Kaidi kumshinda mume wangu Marhoon, na Marhoon unamjua."

Wakacheka. Bi Kheiria akasimulia. Zamani ilikuwa merikebu ya maharamia, wenye ruhusa ya mfalme wao kupora baharini. Watu wa Sultani wakaiteka, wakalipiga randa jina lake ubavuni, wakaandika jipya, wakaifanya manowari. Siku moja, katika ukungu, sauti ikaita jina la kale. Usukani uko mkononi mwa nahodha, lakini merikebu ikageuka yenyewe. Ikaitikia. Ikaenda mwambani na watu wake wote; mbao zilizoletwa pwani na maji ndizo zikajengewa nyumba hii.

"Jina halipigwi randa, mwanangu."

Mkono wa Mahfoudha ukasita ndani ya mchele.

Mwaka wa mapinduzi, Unguja, yeye na jirani yake Masouda walifungiwa kambi moja. Siku ya meli ya Omani, karani aliita majina ya wanaoondoka. "Masouda binti Bakhit!" Masouda alikuwa bombani, anafua kanga. Jina la Mahfoudha halikuwamo. Karani aliita mara moja tu.

"Abee," Mahfoudha akaitika.

Akapanda meli. Tangu hapo hakusikia habari ya Masouda, ya uhai wala ya kifo.

Kesho yake baada ya kisa cha manowari, adhuhuri, wengine wamelala, boriti ililia kidogo, kama ubao wa merikebu majini. Kisha ikaita.

"Masouda binti Bakhit."

Mara moja. Mahfoudha akauma kanga yake. Hakuitika.

Siku ya pili ikaita. Ya tatu pia. Sauti ilishuka. Ikakaribia sikio.

Siku ya nne alimwambia Bi Kheiria yote, kwa mnong'ono. Mzee yule aliweka mchi chini.

"Ulikuwa na khofu. Mimi ningefanya nini? Sijui, na nnaogopa kujua. Mtake radhi. Lakini jina lile usiliitikie tena."

Akatoka, akamwachia chumba.

Mahfoudha akainua uso. "Masouda, ni mimi, Mahfoudha. Nafasi ilikuwa yako. Nisamehe."

Kimya. Alingoja. Machozi yalimkaukia shavuni. Hakuna kitu. Akaanza kupumua.

Jikoni, Bi Kheiria aliita, "Mahfoudha!"

Alifungua kinywa.

"Abee," ikasema boriti.

Kwa sauti yake yeye. Na kinywa chake kilibaki wazi, kikavu, bila neno.

Alizungumza tena baada ya siku saba, lakini nyumbani mle hakuna aliyemwita tena kwa jina, boriti isije ikaitika. Wakimtaka, humwendea wakamgusa bega. Bwana Marhoon, asiyeamini mambo hayo, alipanda kigoda akaipapasa boriti. Alishuka polepole, akatoka nje, asirudi mpaka magharibi.

"Ina joto," alimwambia mkewe. "Sehemu moja tu. Kama shavu la mtu aliyelala."