Msaragambo Ndani ya Damu

Baragumu lilipolia, Vudee nzima ilishika majembe. Ukingo wa ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, ulikuwa umetoboka, na siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila nyumba hutoa mikono. Stumai wa darasa la sita alipanda mlima nyuma ya shangazi yake, Eliakunda, aliyemtania kwamba anahema kama fisi aliyeshiba.

Shangazi alikuwa na furaha. Alikuwa na virusi vya Ukimwi tangu enzi za foleni za sukari. Sasa sukari ilijaa dukani, mifuko ndiyo iliyokuwa mitupu. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijafika, na bado alibeba tope jingi kuliko vijana. Jana yake daktari Leticia wa Same alimweleza sababu: chembe nyeupe za damu yake, wale askari wa mwili, ni hodari ajabu. Huziwahi chembe zilizovamiwa na virusi na kuziua.

Stumai hakuwa amengoja daktari. Shuleni alishatamba kuwa siri ya nguvu za shangazi ni tangawizi ya shambani kwao.

Ukingoni alimkuta Wilbard wa darasani kwao akitabasamu. Mama yake, alisema, ameacha vidonge vya kifua kikuu tangu asubuhi. Kama tangawizi inaviweza virusi, kifua kitaishinda?

Jembe lilimponyoka Stumai. Angenyamaza, nani angejua? Akamkimbilia shangazi.

"Shangazi, nilidanganya kuwa tangawizi ndiyo inayokutibu. Mama Wilbard ameacha dawa."

Shangazi alitua karai. Wakateremka mbio wote watatu, tope hadi magotini. Mama Wilbard alikuwa kibarazani, kikombe cha tangawizi mkononi, vidonge kando. Shangazi alimsihi aweke kikombe chini, ameze vidonge.

"Wewe umepona, mimi unanizuia?" Mama Wilbard aliuliza.

"Sijapona, mdogo wangu. Virusi vimo, na naweza kumwambukiza mtu. Ila ukingo wangu ukitoboka, askari wangu huitika baragumu mara moja. Kwa nini wangu wawe wepesi hivyo, hata daktari bado anatafuta. Tangawizi mimi naitia kwenye chai tu. Askari wako wamechoka. Vidonge ni majirani waliokuja na majembe. Utawafukuza?"

Mama Wilbard alicheka, akakohoa, akaomba maji. Alimeza vidonge vyote vya siku ile. Kikombe cha tangawizi alipewa Stumai, kikamwasha hadi machozi.

"Umeokoa mtu kwa kusema kweli," shangazi alimwambia wakirudi ndivani. "Siku nyingine usilolijua, sema sijui. Neno hilo haliwashi hata kidogo."