Abiria wa Kiti cha Mbele

Aliyenieleza habari hii kwanza ni Rosemery, mdogo wake Tekla, siku moja tukipepeta mpunga. Baadaye Tekla mwenyewe aliikubali, ingawa muda wote alikuwa akiangalia chini.

Ilikuwa Oktoba mwaka tisini na sita, kiangazi kikali, hata bata wa Kibaoni walikuwa wakigombania maji ya kuoshea vyombo. Severini, mume wa Tekla, ndiyo kwanza alikuwa ameanza ufundi wa magari uani kwake. Kabla ya hapo wote wawili walikuwa vibarua wa palizi Mngeta, na Tekla aliapa kwamba mtoto wao Jenifer, wa miezi saba, hatakulia mgongoni katika shamba la mtu. Gari la kwanza la maana kuletwa pale lilikuwa la Wendelin, aliyekuwa akilikodisha kwa safari. Wendelin alikuwa na mdomo mpana. Gari lake likimshinda Severini, mji mzima utajua, na hakuna atakayeleta jingine.

Lilikuwa gari dogo la zamani, lakini la kompyuta, si la kabureta. Linawaka, linanguruma vizuri, kisha linazima ghafla. Severini alibadilisha plagi, akasafisha pampu ya mafuta, akafuata waya mmoja mmoja kwa testa mpaka akafika chini ya dashibodi, mahali abiria wa mbele anapoweka miguu. Hapo ndipo lilipokaa boksi la kompyuta. Akachomoa soketi yake. Pini zote zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na ndani mlikuwa na maji.

"Kumbe wewe ndiye mchawi wangu," alisema akicheka.

Alizisugua pini kwa mswaki mkuukuu na petroli, akazikwangua kwa ncha ya sindano, akaianika soketi juani. Gari likawaka na kutulia. Wendelin akaondoka akipiga honi.

Kesho yake lilirudi likisukumwa na watu wanne.

"Fundi, gari langu limekuwa mtoto wa kliniki? Kila siku nilete lipimwe?"

"Liache, nitaangalia."

"Jana uliangalia. Leo tengeneza."

Severini akafungua. Kutu ile ile. Maji yale yale. Akasafisha tena, na siku ya tatu mambo yakawa hayo hayo. Alimwaga ndoo kumi juu ya kioo cha mbele kutafuta panapovuja. Zulia likabaki kavu. Alikagua mipira ya maji ya injini, mizima yote. Siku ya nne alisafisha saa nne asubuhi, na kufika saa sita pini zilikuwa za kijani.

Akatupa spana ukutani. "Mvua hakuna, Mama Jeni! Maji haya yanatoka wapi?"

Tekla aliinusa ile soketi. Ilinuka tope na samaki.

"Baba Jeni, tandaza unga chini ya hilo boksi," alisema polepole. "Tone likianguka, tutaona linapoangukia."

Alitoa bakuli moja la sembe, naye Severini akalitandaza juu ya zulia, akafunga milango yote na kutia funguo mfukoni. Wakakaa kivulini kula, macho yao kwenye gari. Hakuna aliyelisogelea. Hata kuku.

Saa nane Severini alifungua mlango, akabaki ameushika. Tekla akachungulia chini ya kwapa lake.

Kwenye unga kulikuwa na nyayo mbili. Visigino vilielekea kiti. Vidole kumi vilielekea boksi. Unga ulikuwa umelowa. Kidole kimoja kilikuwa bado kinajaa maji.

Wendelin alipopita jioni ile kuangalia gari lake, Tekla, ambaye si kawaida yake kuhoji wanaume, alimuuliza, "Kaka, kabla gari halijaanza kuzima, nani alikaa mbele?"

"Baba yake Odilia, yule muuza samaki. Mgonjwa, wametoka kumshusha mtumbwini, miguu inachuruzika. Nikawavusha kwa pantoni mpaka kwao. Mzee alilala njia nzima, hata mtoni hakufumbua macho."

Asubuhi Tekla alimkuta Odilia kwenye meza yake ya samaki. Odilia alisikiliza, kisha akaacha kisu.

"Hakuwa amelala," alinong'ona. "Alikufa kabla hatujapanda gari. Tulimfunga shuka, tukamwegemeza kitini. Dereva angejua, angetushusha. Na kwetu, Mama Jeni, maiti huambiwa kila hatua. Tunapanda chombo, baba. Tumevuka, baba, shuka. Sasa tungesemaje mbele ya dereva?"

"Mkanyamaza?"

"Tulinyamaza. Tulizika mwili tu."

Walirudi pamoja. Odilia alitaka gari lipelekwe Kivukoni, mzee avushwe sawasawa. Lakini Severini alikuwa na siku tano za hasira kifuani.

"Lifike vipi mtoni na linazima kila hatua kumi? Mwambie hapa hapa ashuke!"

"Shemeji, hapa si kwake."

"Mwambie, mama! Mimi nimechoka!"

Odilia akafungua mlango wa mbele. "Baba," alisema, "tumeshavuka. Shuka."

Gari likainuka kidogo upande ule, kama linavyoinuka mtu mzito akishuka.

Severini alisafisha pini kwa mara ya mwisho. Mpaka jioni zilikuwa kavu, zinang'aa. Wendelin alizunguka mji mzima bila kuzimikiwa, akarudi kumpa Severini mkono mbele ya majirani. Walicheka. Walikula wali kwa samaki.

Asubuhi iliyofuata Severini alitoka mapema. Watu wawili walikuwa wameshamwita kwenye magari yao. Tekla aliinuka kukunja mkeka wa sebuleni. Ulikuwa umelowa mahali pawili, karibu na ukuta. Nyayo. Zilikuwa zimeelekea chumbani, alikolala mtoto.

Hapo akaelewa. Mzee alikuwa ameambiwa ashuke, naye alishuka. Nyumbani kwa Tekla.

Hakupiga kelele. Utamfukuzaje mtu mzima wa kulingana na baba yako? Alimfunga Jenifer mgongoni, akaacha mlango wazi.

"Shikamoo, baba," alisema. "Twende."

Alitembea mpaka Kivukoni akiongea peke yake, watu wakimpisha njia. Hakugeuka. Nyuma yake mtoto alikuwa akicheka, akirusha mguu mmoja, kama anayechezewa. Penye maji alisema, "Tunapanda pantoni, baba." Upande wa pili alisema, "Tumevuka. Shuka, nenda kwako." Mtoto akanyamaza papo hapo. Tekla akarudi kwa pantoni ile ile.

Nyumbani alifungua kanga. Kwenye kifundo cha mguu wa Jenifer, ule aliokuwa akiurusha, kulikuwa na alama za vidole vitano, za kijani. Alizisugua kwa sabuni. Alizisugua kwa majivu, kisha kwa ndimu, mpaka mtoto akalia.

Hazikutoka.

Alisikia sauti ya Severini barabarani, akipiga mluzi wa furaha. Haraka akafungua sanduku, akatoa zile soksi za sufu za siku ya ubatizo, akamvalisha mtoto katika joto lile.