Kikohozi cha Wakhungu

Muigai alipofungua plagi ya kwanza, harufu iliyotoka ndani ya injini haikuwa ya petroli. Ilikuwa ya dawa ya kifua, ile ya kupaka, na ilikuwa saa sita mchana, mvua ikipiga mabati ya gereji yake pale Kitale.

"Fundi, itazunguka?" Rosaline aliuliza. Alikuwa ameileta pikapu kuukuu ya marehemu mumewe, Wakhungu, ikivutwa kwa kamba kutoka Chwele, injini ikiwa imeshika, haizunguki, tangu siku mumewe alipofia ndani ya gari hilo. "Wakhungu hakuamini fundi mwingine. Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Itazunguka, mama. Ni pistoni tu zimeshikwa na kutu."

Alishindwa kumtazama usoni. Mwaka juzi Wakhungu alimwomba abadilishe pampu ya maji. Muigai akapaka gundi palipovuja, akasema ameweka mpya. Wiki hiyo hiyo Wakhungu, kifua kikimbana, akajiendesha kwenda hospitali Bungoma. Gundi ikaachia, injini ikachemka, ikashika karibu na Kibabii. Alikutwa asubuhi ameinamia usukani. Watu wakasema ni kifua. Muigai akaenda matangani, akashika jembe kaburini pamoja na wengine, akanyamaza.

Alimimina dizeli na oili katika silinda zote nne, akaziacha ziloane siku tatu. Siku ya nne Rosaline akarudi. Muigai akatia spana kwenye nati ya krenki, ule mhimili unaosukumwa na pistoni, akaongeza bomba refu, akavuta. Ikasogea kidogo. Kisha ikarudi.

Akavuta tena, na safari hii alihisi waziwazi kwamba kulikuwa na mikono upande wa pili, mikono iliyovuta kama yeye, na kutoka kwenye tundu la plagi ya tatu kikaja kikohozi, kidogo, kikavu, cha mtu anayejizuia asiamshe watoto, kikafuatwa na kingine, na kingine, hadi dizeli ikaanza kuchuruzika nje ya matundu yote kama mate, na harufu ya ile dawa ikajaa gereji nzima.

"Ni nani anakohoa?" Rosaline alinong'ona.

"Ni hewa tu, mama."

"Ati hewa? Si nimelala kando ya hicho kikohozi miaka kumi na tisa!"

Bomba likamponyoka Muigai, likamgonga mbavuni. Akapiga magoti kwenye oili.

"Pampu sikubadilisha," alisema. "Nilipaka gundi nikamwambia ni mpya. Mimi ndiye niliyemwacha barabarani."

Rosaline hakulia. Ndani ya injini kitu kikaachia, tak, na nati ikaanza kuzunguka polepole, yenyewe, bila mkono wa mtu.

Alasiri ile Muigai alifunga pampu mpya, ya kweli, Rosaline akimtazama kila nati. Pikapu ikawaka. Muigai akaomba amsindikize hadi Chwele, asije akakwama njiani, akashika mlango wa abiria.

"Panda nyuma, fundi," Rosaline alisema akiwa kwenye usukani, macho yake barabarani. "Hapa mbele kuna mtu."