Ubao Tulioupiga Randa

Mume wangu ni seremala. Karakana yake iko mbele ya nyumba yetu. Kila asubuhi yeye anafungua mlango, mimi nafagia vumbi la mbao.

Mafundi wa ukoo huu hawana daftari. Vipimo, majina ya wateja, hata siku aliyozaliwa mwanetu, yote huandikwa kwa penseli kwenye ubao. Marehemu baba mkwe alikuwa na ubao mmoja mnene. Aliugonga na kusema, "Hati yangu hii hapa." Sisi tulicheka. Tulidhani anajisifia ufundi.

Siku moja tukaletewa wito wa mahakama. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba mkwe, alikuwa ametushtaki. Alidai karakana ni yake, kwamba alimwazima tu kaka yake. Niliogopa sana, kwa sababu karakana hiyo ndiyo inayotulisha.

Karani wa mahakama akamwambia mume wangu, "Njoo na ushahidi." Mume wangu akaukumbuka ule ubao wa baba yake. Nami, kwa kimbelembele changu, nikasema, "Utampelekea hakimu uchafu huo? Umejaa gundi na penseli. Unataka tuaibike?"

Basi akaupiga randa, akaupiga msasa. Mimi mwenyewe nikaupaka mafuta mpaka ukang'aa.

Mahakamani, hakimu aliugeuza ubao huku na huku. "Unaonyesha nini?"

"Ni ubao wa baba, mheshimiwa."

"Nauona. Unathibitisha nini?"

Mume wangu akaupokea ubao, akakaa. Baba mdogo akatoa maelezo yake kwa upole. Kisha hakimu akauliza, "Mdaiwa, una swali kwake?"

"Sina swali, nina uchungu! Mzee huyu ni mwongo!"

"Hapa hatutukanani," hakimu akasema. "Kila mtu ana zamu yake. Nakupa wiki mbili ujiandae."

Jioni tukamwendea jirani yetu, msaidizi wa sheria. Tunamwita Mama Faili, maana hata sokoni huenda na faili kwapani.

"Kwenye ubao paliandikwa nini?" akauliza.

"Vipimo tu," mume wangu akajibu.

Mimi nikakumbuka. "Chini palikuwa na tarehe. Na majina mawili. La baba mkwe na la baba mdogo." Nikakaa chini.

Mama Faili akashusha pumzi. "Shemeji, ushahidi hausafishwi. Unapelekwa kama ulivyo, na gundi yake. Sasa maji yameshamwagika."

"Kwa hiyo tumeshindwa?" mume wangu akauliza.

"Bado. Ila kelele hazitakusaidia. Hakimu hakuwepo siku mambo hayo yalipotokea, anaandika anachosikia. Uliza maswali mafupi, jambo moja kwa swali moja. Uliza unachokijua. Halafu nyamaza, umwache ajibu. Haya, baba mdogo anaishi kwa kazi gani?"

"Analima shamba alilopewa na baba."

"Alipewa lini?"

Mume wangu akamtazama. "Mwaka ule baba alipofungua karakana."

"Basi anzia hapo."

Kwa wiki mbili mume wangu alifanya mazoezi na mimi. Nilijifanya baba mdogo. Kila alipopandisha sauti, nilimrudisha mwanzo.

Siku ilipofika, aliinama kidogo, akauliza, "Baba mdogo, shamba unalolima lilikuwa la nani?"

"La kaka."

"Ulilipata mwaka gani?"

"Mwaka alioanza useremala pale."

"Alikupa bure?"

Hakimu akangoja, kalamu mkononi.

"Tulibadilishana," baba mdogo akasema mwishowe. "Yeye alichukua karakana, mimi shamba. Tuliandika kwenye ubao."

Hukumu ilisema karakana ni yetu.

Tulimkuta baba mdogo nje, ameketi kwenye ngazi. "Watoto wangu walisema hamna maandishi," akasema bila kututazama. "Nikaingiwa na tamaa. Mngekuja kunisomea ule ubao nyumbani, ningeona haya, na yangeishia palepale."

Ningesoma kabla ya kufuta, tungefika mlangoni kwake, si mahakamani.

Siku hizi mume wangu huandika makubaliano kwenye karatasi, nakala mbili, na mashahidi wanasaini. Majirani wanaoletewa wito huja kwetu kwanza, nasi tunawapeleka kwa Mama Faili. Hakuna anayefuta kitu.

Baba mdogo bado hupita mbele ya karakana akienda shambani. Zamani aliingia, akakaa, akanywa chai. Sasa mume wangu huacha kazi na kutoka hadi mlangoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba," hujibu, huku anatembea.