Mchezo wa Vifungo vya Bibi

Kila siku nikitoka shule, kabla sijavua sare, kazi yangu ni ile ile. Nafagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya Mama, naokota pini kwa sumaku, kisha napanga vifungo makoponi kufuata rangi. Mama ni fundi wa nguo, na duka lake ndilo sebule yetu. Ukikaa bila kuangalia unakalia sindano. Mimi nimeshazikalia mara tatu.

Duka hilo lilikuwa na sharti moja. Kifungo cha mwisho cha kila nguo kilishonwa na Bibi, kwa mkono, na nguo ambayo Bibi hajaigusa haikutoka mlangoni. Wateja walilijua sharti hilo na walisubiri. Halafu Bibi akapata kiharusi, mkono wake wa kulia ukalegea. Wateja Mama aliwashonea mwenyewe, angefanyaje? Lakini shati langu jipya la shule alinipa likiwa halina kifungo cha juu.

"Hicho ni cha Bibi," alisema. "Utamsubiri."

Basi nikawa naenda shule na pini shingoni.

Hospitalini, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amesema wazi. Bibi akutanishe kidole gumba na kidole cha shahada mara mia asubuhi na mara mia jioni. "Baada ya wiki sita nitakuona tena, Bibi. Vidole visipofanya kazi vitakakamaa, na kuvirudisha itakuwa vigumu."

Siku mbili tu, Bibi akachoka. Mpira laini aliopewa wa kubana akampa paka.

"Mara mia nabana hewa!" alinung'unika. "Mtu akichungulia dirishani atasema akili nazo zimeondoka."

Siku moja nilimkuta ameshika sindano kwa mkono wa kushoto, anajaribu kushona. Sindano ikamwanguka. Akageukia ukutani ili nisione machozi, lakini niliyaona, na yaliniuma sana. Hapo ndipo nilipojifunga kibwebwe. Mimi ni mwanachama wa klabu ya kompyuta shuleni.

"Bibi," nikamwambia, "nitakutengenezea mchezo kwenye simu yako. Kutakuwa na kifungo na tundu lake. Utavibana kwa vidole viwili, kifungo kiingie tunduni. Keshokutwa utakuwa tayari."

"Vifungo? Huo nitaucheza," alisema, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue.

Wenzangu shuleni wananiita Kimbelembele, na sasa mtajua kwa nini. Nilikaa kwenye kompyuta ya klabu na kuanza kuandika mchezo kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kwa sababu ndiyo tuliyofundishwa. Kabla wiki haijaisha, kifungo changu kilikuwa kinatembea kwenye skrini. Nikajipiga kifua. Kisha akaja kijana wa darasa la juu tunayemwita Profesa, akatazama, akatikisa kichwa.

"Kifungo kinaburura miguu kama konokono," alisema. "Siku hizi watu wanatumia injini kubwa ya kutengenezea michezo. Kila kitu kimo ndani yake: nyasi, mawingu, vivuli. Huu wako ni wa kitoto."

Aibu ilinipata. Nikaacha nilichoanza, nikahamia injini kubwa ya Profesa. Wiki nzima ilikwenda katika kuisakinisha na kujifunza lugha yake. Wiki mbili zilizofuata niliotesha nyasi. Loo, nyasi zilivyopendeza! Zilikuwa zinayumba kwa upepo, na juu yake kifungo cha dhahabu kinang'aa. Kila jioni Bibi aliniuliza, na kila jioni nilimjibu, "Keshokutwa."

"Keshokutwa yako haifiki," alisema. "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

Mwisho wa wiki ya nne nikauleta mchezo nyumbani. Nilichukua simu ya Bibi, ile iliyokuwa ya Mama, na kabla ya hapo ya mjomba. Simu ikasema haina nafasi. Nikafuta picha, ikasema bado. Nikafuta nyingine, mchezo ukaingia, simu ikapata moto mkononi mwangu kama pasi, kisha ikazima. Nilipoiwasha tena, ikazima tena, ikatulia tu nilipoufuta mchezo.

Nikakumbuka kitu kingine kilichonikata maini. Kwenye kompyuta nilikuwa najaribu mchezo kwa kipanya, chenye mshale mmoja. Kubana kwa vidole viwili, jambo ambalo ndilo lililotufikisha hapo, sikuwahi kulijaribu hata mara moja.

Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, mjukuu wangu, acha. Mkono huu umeshazeeka." Afadhali angenigombeza.

Niliketi chini ya meza ya kukatia vitambaa nikilia. Mama alikuwa anampima mteja mabega, akimsomea vipimo na kuviandika daftarini. Mteja alipoondoka, Mama akainama.

"Kimbelembele wangu, huo mchezo ni wa nani?"

"Wa Bibi."

"Atauchezea wapi?"

"Kwenye simu yake."

"Uliipima?"

Nikatikisa kichwa.

"Yaani umeshona koti, ukatia na vishada vya dhahabu, halafu ndiyo unamtafuta wa kulivaa?" Mama alinitupia daftari lake la vipimo. "Mpime mteja wako. Kulia utalia baadaye, zimebaki wiki mbili."

Nilifuta kamasi nikaandika kwenye ukurasa mtupu: *Mteja: simu ya Bibi. Nafasi: ndogo sana. Nguvu: kidogo. Intaneti: mara chache. Kioo: kimepasuka kona ya juu. Kurasa za intaneti: zinafunguka vizuri. Mkono: wa kulia, vidole viwili, unatetemeka.*

Asubuhi nilimpelekea mwalimu wa kompyuta ukurasa ule. Aliusoma mara mbili.

"Sasa tunaweza kuzungumza," alisema. "Python ni lugha nzuri, na injini ya Profesa ni nzuri, kwa mteja mwingine. Huyu wako anafungua kurasa za intaneti vizuri. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mchezo uwe ukurasa," nikasema polepole. "Niuandike kwa JavaScript, lugha ya kurasa hizo, ufunguke pale pale bila kusakinishwa, hata intaneti isipokuwepo."

"Naam. Na kiunzi?" Kiunzi ni programu iliyokwisha kuandikwa na wengine, ambayo unajengea juu yake ili usianze na mchanga na kokoto. "Vipo viwili vinavyoweza kukufaa. Kimoja kina mambo mengi, kingine kina picha na mguso basi."

Zamani ningeruka kwenye chenye mambo mengi. Safari hii niliweka kifungo kimoja tu kwenye kila kiunzi, hakuna nyasi, nikaenda kuvijaribu kwenye simu ya Bibi. Chenye mambo mengi nilihesabu hadi arobaini ndipo kikafunguka. Kile kidogo kilifunguka nikiwa nimefika tatu, kikatambua na vidole viwili. Nikachagua kile kidogo.

Profesa alikuja tena mezani kwangu. "Umebadilisha tena? Kuna kiunzi kipya kabisa nimekisikia..."

"Kaka, hata univute mguu, sihami," nikamwambia, nikaendelea kuandika.

Siku ya nne, Bibi alicheza. Kidole gumba kilimponyoka, kifungo kikakimbia, akasonya. Nikapanua tundu. Mkono ulitetemeka, mchezo ukadhani ameachia, nikaufundisha kusubiri kidogo. Alilalamika kwamba kifungo cha kijani ni kibaya na hakuna fundi mwenye akili ambaye angekitia kwenye shati. Nikakibadilisha. Kila alipopachika mia moja, simu iliimba, naye akaimba nayo.

Siku moja nilishangaa kuona amemaliza mia mbili upesi mno. Nikachungulia.

"Bibi! Huo ni mkono wa kushoto!"

"Kumbe uko hapo?" akasema, akirudia kubana kwa mkono wa kulia. "Mchezo wako hauna macho, wewe ndiye uliye nayo."

Profesa mwenyewe alipita dukani kuuona. "Lakini hauna hata nyasi," alisema.

"Nyasi za nini?" Bibi akamjibu. "Mimi mbuzi?"

Tulicheka hadi Mama akasimamisha cherehani. Kisha Profesa akajaribu kumshinda Bibi, akashindwa mara tatu, akaomba simu tena.

Wiki ya sita ilipotimia, tulirudi hospitalini. Mtaalamu alimpa Bibi karatasi aibane kwa vidole viwili, kisha akaivuta. Karatasi haikutoka. Akavuta zaidi, ikachanika.

"Mkono bado una safari," alisema, "lakini vidole hivi vimeamka. Endeleeni."

Tulipofika nyumbani Bibi hakuomba maji wala chai. Aliomba sindano, uzi mweupe na shati langu. Mama akamtungia uzi. Ilimchukua Bibi saa nzima, jasho likimtoka, na mara mbili sindano ilianguka mimi nikaiokota kwa sumaku. Mwisho akakata uzi kwa meno. Kifungo kilikuwa kimekaa upande kidogo.

Mama alilitazama shati, macho yakiwa yamelowa, kisha akaniangalia mimi.

"Umeona, mwanangu? Chombo kizuri ni kile kinachomfaa anayekitumia, si kile watu wanachokisifu. Mpime mtu kwanza, ndipo uchague. Na ukishachagua, shona hadi kifungo cha mwisho."

"Na usiseme keshokutwa," Bibi akaongeza.

Nikalivaa shati, nikafunga hadi juu. Ile pini niliirudisha koponi.