Kizimba Kisicho na Mlango

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Priscila alifagia uwanja wa kwao Nyamiaga, akajaza taka kwenye ndoo kuukuu na kuzipeleka kwenye kizimba cha taka kando ya barabara. Maganda ya ndizi, majivu, mifuko iliyochanika, vyote vilikuwa mzigo wake.

Kazi yenyewe haikumchosha. Kilichomuudhi ni kizimba. Mlango wake ulikuwa umeng'oka tangu masika, mbuzi waliingia na kutoka kama kwao, na mbele yake iliegeshwa pikapu ya Mzee Nzeyimana. Trekta la taka lilipokuja, dereva alipiga honi wee, kisha akaondoka zake.

"Mkutano wa kitongoji umeamua," mama yake, Adelfina, alimwambia jioni moja wakimenya ndizi. "Wanaume watafunga mlango mpya. Na gari lisiegeshwe tena pale."

Priscila alibetua midomo. "Mama, si waliamua hivyo hivyo mwezi uliopita? Wanakaa, wanapiga makofi, wanarudi nyumbani kulala."

"Chunga mdomo wako."

Mdomo aliuchunga, moyo hakuuchunga. Alipokutana na mwenyekiti Celestini akipita na faili kwapani, alimwamkia, "Shikamoo, mzee," kwa adabu zote, huku akiwaza kwamba mtu huyu hawezi kufunga hata mlango wa banda la kuku. Nzeyimana ndiye Priscila aliyemdharau zaidi. Mtu mzima, uwanja wake mpana, lakini mvivu hata wa kuingiza gari nyumbani!

Basi akajipa ruhusa. Kama wakubwa hawajali, yeye ajali nini? Akaanza kumwaga taka mtaroni, nyuma ya pikapu. Mama alipomuuliza, "Umefika kizimbani?" alijibu, "Ndiyo, mama," bila kupepesa macho. Watoto wengine walimwona, wakaiga.

Mvua za vuli zilipoanza, mtaro ukaziba. Maji yakafurika hadi nyumbani kwa rafiki yake Iteka, upande wa chini wa barabara. Bibi yake Iteka alikuwa ameweka mbegu za maharage sakafuni, akingoja ardhi ilainike apande. Zote zikalowa maji machafu, zikavimba na kupasuka.

Kesho yake watu walitoka na majembe kuzibua mtaro. Wote walimsema Nzeyimana kwa pikapu yake, naye aliinamisha macho.

"Watu wengine hawana hata aibu," Priscila alimnong'oneza Iteka.

Iteka aliacha kulima matope. "Mimi nilikuona ukimwaga," alisema taratibu. "Si mara moja. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni rafiki yangu."

Akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Priscila alilijua jicho lile. Ndilo alilozoea kuwatazamia wakubwa.

Alimwendea mama yake, akamweleza yote, hata alivyowadharau wakubwa, kisha akaenda kusimama mbele ya bibi yake Iteka. "Bibi, taka nyingi humu ni zangu. Nisamehe."

Bibi hakumbembeleza. "Chukua jembe," alisema. "Msamaha utaukuta shambani."

Priscila alizoa uchafu ule mpaka viganja vikachubuka. Nzeyimana, pengine kwa kumwonea haya mtoto aliyekiri kabla yake, aliiondoa pikapu na kuiweka uwanjani kwake. Akarudi na nyundo na bawaba, na yeye na Celestini wakafunga mlango siku ile ile. Jumamosi, Adelfina alitoa mbegu za akiba yao. Priscila akazipanda shambani kwa bibi, Iteka akiwa kwenye tuta la pili. Hawakuzungumza sana, lakini walipomaliza walinawa kwenye beseni moja.

Trekta lilipofika safari hii, lilisogea hadi kizimbani na kubeba kila kitu. Celestini, aliyekwisha kusimuliwa yote na Adelfina, aliwaita watoto waliokuwa wakitazama.

"Priscila hakukosea kuliona kosa letu," alisema. "Tuliamua kwa midomo, mikono tukaiacha nyumbani, na hiyo ni aibu yetu. Lakini kosa la mwenzako si kibali chako cha kukosea. Ukiona uchafu wa mtu, usiongeze wako juu yake, halafu ukajiita msafi."

"Nimesikia, mzee," Priscila alisema, na safari hii moyo wake ulisema vilevile.